Mwalimu, Chagua Marafiki wa Mtandaoni

Facebook humruhusu mtu kuwa na marafiki 5,000. Hapa Eldoret, ni mwalimu gani awezaye kuwajua wote hao, hata akishinda stendi ya matatu mwaka mzima? Hilo la idadi tuliache. Linalotukera ni mwalimu kuupokea urafiki wa mwanafunzi wake, hasa likizoni vijana washikapo simu, wakaandikiana faraghani usiku wa manane. Mwaka wa 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi. Nazo zaweza kuanza kwa salamu tu. Ya masomo na yaandikwe katika kundi la darasa, wazazi wakiyaona. Nawe mwanafunzi, ombi lako likikataliwa, usidhani umechukiwa.