Zebaki: Tope la malambo Iramba nalo lipimwe

MSAFIRI atokaye Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, penye njia panda ya Kiomboi, kisha huteremka mlima Sekenke hadi Shelui. Ni ardhi ya dhahabu tangu enzi za Wajerumani, kwani dhahabu ya Sekenke iligunduliwa mwaka 1907. Leo wachimbaji wadogo ndio wanaoiendeleza kazi hiyo.

Mjadala kuhusu zebaki aghalabu huishia kwenye mvuke unaomdhuru mchomaji wa dhahabu. Hatari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, sehemu ya zebaki hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, unaorundikwa kando ya mialo. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, maji huyakumba marundo hayo na kuyateremsha kuelekea malambo na mbuga ya Wembere, ambayo maji yake huingia ziwa Kitangiri, penye wavuvi wengi.

Maji yakitulia, metali huzama na kunata kwenye tope. Ndiyo maana maji ya juu yanaweza kupimwa yakaonekana safi, ilhali sumu imelala chini. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia katika viumbe wadogo, kisha samaki, ikiongezeka kila hatua. Kambale, alaye samaki wenzake, hubeba zaidi. Na mama mjamzito akimla mara kwa mara, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoathirika kwanza. (Aseniki, kwa upande wake, haihitaji kuletwa na mchimbaji; baadhi ya miamba ya dhahabu inayo, na kuisaga kunatosha kuifungua.)

Itakumbukwa kuwa Japani ilitumia miaka ya 1977 hadi 1990 kuondoa tope la zebaki katika ghuba ya Minamata. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la ghuba hiyo mwaka 2020.

Kwetu kuna jambo la karibu zaidi. Malambo yakijaa tope, wananchi huyachimbua wakati wa kiangazi, na tope hilo huweza kuishia kwenye bustani za mboga. Kwa hiyo halmashauri ya Iramba ingefanya vyema kuchukua sampuli za tope, si za maji pekee, kabla ya jembe la kwanza kuingia lambo lolote lililo chini ya mialo.