Mwandikie kabla hajapakwa poda
Kazi yangu ni kuwapigia picha za leso na mabuibui wenye maduka wa Biashara Street, Mombasa. Sibebi kamera kabla mwanamitindo hajapata maandishi yangu kwenye WhatsApp: tutapiga wapi, atavaa nini, nani atakuwepo, atalipwa kiasi gani na lini, na picha zitaonekana wapi. Nataka ajibu akiwa kwao, amekaa na dira lake, ana nafasi ya kusema hapana. Akishafika Nyali kwa nauli yangu, amepakwa poda na wanja, na mwenye duka anaangalia saa, hayo si makubaliano tena. Msichana wa miaka 19 atakataaje mbele ya kundi la watu wanaomngoja?

Wenzangu wengi hukubaliana pesa tu, yakaisha. Pesa ndiyo nyepesi. Zito ni matumizi ya picha. Binti mmoja wa Likoni alipigwa picha bure, yeye na mpiga picha wapate za kuonyesha kazi zao. Baadaye uso wake ukaonekana kwenye tangazo la krimu ya kujichubua. Mamake aliulizwa na majirani kama kweli mwanawe anatumia vitu hivyo. Mpiga picha akajitetea kwamba picha ni zake. Hakimiliki ilikuwa yake, sawa, lakini nani alimruhusu kuuza uso wa mwenziwe?

Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Huyo alikwenda kustarehe tu, seuze aliyekuja kufanya kazi!

Kwa hiyo mimi huandika waziwazi: Instagramu ya duka, miezi 6, si mabango, si kuuziwa mtu mwingine. Mwenye duka akitaka zaidi, turudi tuzungumze, na binti alipwe tena. Wako wanaonuna. Nawaachia wanune.

Aliye chini ya miaka 18, mzazi wake asome kwanza na awepo siku ya kazi. Na hata aliyetimiza umri, aje na dada au shangazi akipenda. Mpiga picha akikwambia uje peke yako, mwanangu, usiende.