Anayetaka kuuza nzi bandia aanze kwa kuvua

Kwa miongo mingi Kenya imekuwa ikiuza ng'ambo nzi bandia, yaani vile vidude vya manyoya na uzi vinavyofungwa kwenye ndoana ili kumhadaa samaki. Wanunuzi ni wavuvi wa burudani wa Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Marekani. Kazi yote hufanywa kwa mkono, nzi mmoja baada ya mwingine, na wengi wa wanaoifanya hawajawahi kumtupa hata mmoja mtoni.

Hapo ndipo faida inapomponyoka mfungaji. Malipo yake ni kwa idadi ya nzi aliofunga. Kazi ikikataliwa kwa sababu vichwa ni vinene au mikia imepinda, hana la kujibu wala hajui arekebishe nini, kwa kuwa hajui nzi huyo anatakiwa kufanya kazi gani ndani ya maji. Ni kama fundi anayeshona viatu naye hajapata kuvaa kiatu. Kijana au mama wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga au Laikipia anayefikiria kuingia katika biashara hii asikimbilie kununua ndoana elfu moja. Atafute kwanza ufito wa kuvulia, ateremke mtoni.

Mito yenyewe haiko mbali. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alitia katika mto Gura, kwenye safu za Aberdare, trauti waliotokana na mayai yaliyoletwa kutoka Uskoti. Samaki hao wakashika makao, na leo wako pia katika mito kama Chania, Mathioya, Thego, Sagana na Naro Moru. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti. Mkulima ambaye shamba lake linapakana na mto kama huo ana darasa mlangoni pake.

Vifaa vya kuanzia ni vichache, ila ni lazima kuelewa jambo moja kabla ya kutoa pesa. Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, risasi au chambo kizito ndicho kinachovuta mshipi kwenda mbali. Nzi bandia hana uzito wa kutosha kufanya hivyo. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na nzi hufuata nyuma yake. Kwa sababu hiyo ufito na mshipi huuzwa kwa namba, na namba hizo sharti zilingane. Ufito wa futi 8 hivi, wa namba 4 au 5, unafaa kwa mito yetu ya mlimani, ambayo ni myembamba na imefunikwa na vichaka. Wenye duka watamsifia mteja kigurudumu cha bei ghali. Asidanganyike. Kwa trauti wa mto mdogo, kigurudumu ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu. Pesa ziende kwenye mshipi, maana mshipi mbovu haurushiki hata na bingwa.

Mbele ya mshipi hufungwa nailoni ya mita mbili na nusu hivi, nene upande wa mshipi na nyembamba upande wa nzi. Ile ya dukani inaweza kungoja. Vipande vitatu vya nailoni za unene tofauti vikiungwa kwa mafundo mazuri vinatosha. Gambuti alizonazo mkulima zinatosha pia.

Kurusha hujifunzwa nchi kavu, uwanjani, kwa kufunga kipande cha sufi mahali pa nzi. Chukulia uso wa saa ya ukutani: ufito usimame kwa ghafla kwenye namba 10 mbele na usipite sana namba 2 nyuma, na mrushaji asubiri mshipi unyooke nyuma yake kabla ya kuurudisha mbele. Wanaoanza hukosea hapo kwenye kusubiri. Wanatumia nguvu kana kwamba wanapiga kuni.

Sasa nzi wenyewe. Anayeanza akitaka kujua afunge nini, ageuze jiwe mtoni. Atakuta vidudu vya rangi ya kahawia vimeng'ang'ania chini yake. Hao ni wadudu wachanga ambao bado hawajaota mabawa, na trauti hula wengi wao kuliko wale wanaoruka juu ya maji. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, alibuni nzi wa kuiga wadudu hao kwa vitu viwili tu: waya mwembamba wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti. Hakutumia hata uzi. Fezanti kwetu hapatikani kwa urahisi, lakini unyoya wa kahawia wa mkia wa bata mzinga hufanya kazi hiyo vizuri. Waya wa shaba uko kwa fundi wa redio, ndani ya mashine zilizokufa.

Ndoana namba 12 au 14 hubanwa kwenye jiliwa ndogo. Ikumbukwe kwamba namba ikipanda, ndoana huwa ndogo zaidi. Waya huzungushwa kwanza ili kumpa nzi uzito na kumjaza kidogo kifuani. Kisha nyuzi nne za unyoya hushikwa kwa ncha zake ziwe mkia, zinasokotwa pamoja na waya, na kuzungushwa kuelekea mbele. Zikifika kifuani zinakunjwa juu yake mbele na nyuma mara mbili tatu, na waya unafunga kazi. Wa kwanza atachukua robo saa na atakuwa na sura mbaya. Kwa mwendo huo, saa nane za kazi zinatoa nzi 32, pungufu ya dazeni tatu, kwa hiyo asiyeongeza kasi bila kuharibu umbo hatapata riziki hapa.

Faida ya kuvua na nzi wako mwenyewe huonekana siku hiyo hiyo. Nzi aliyefungwa legelege hufumuka kwa samaki wa pili. Aliyejazwa manyoya kupita kiasi huelea wakati alitakiwa kuzama. Makosa hayo mtu akiyaona kwa macho hahitaji kuelezwa tena na mnunuzi.

Manyoya nayo ni biashara, ingawa si kila jogoo anafaa. Manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji kwa kawaida ni mafupi na laini, hivyo yanafaa nzi wa kuzama. Nzi wa kuelea anahitaji unyoya mrefu na mkakamavu. Huko Colorado, Marekani, kuna wafugaji waliochagua mbegu za majogoo kwa miaka mingi wakitafuta unyoya huo tu. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walipoanza kuvaa manyoya hayo kwenye nywele, saluni ziliyagombea pamoja na wavuvi na bei ikapaa. Mtindo ukapita. Mfugaji asijenge banda kwa kufuata bei ya msimu mmoja.

Ndege wa porini waachwe. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na biashara ya mazao ya wanyamapori mwaka uliofuata. Hata kwa kanga wa kufugwa ni busara kuuliza kwanza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kuvua trauti nako kunahitaji leseni, na ndani ya mbuga ya taifa kuna ada ya kuingia.

Haya yote yanategemea maji baridi. Trauti huanza kutaabika joto la maji likipita nyuzi 20 hivi, na mto uliokaushwa na pampu za umwagiliaji wakati wa kiangazi hupata joto haraka. Mkulima anayenyonya maji bila kibali usiku anamnyima jirani wa chini maji ya mboga, na anaua samaki ambaye mgeni angelipa kumvua na nzi aliyefungwa kijijini hapo hapo. Kwa mfungaji, mgeni huyo ndiye mteja bora, kwa sababu hununua nzi mmoja mmoja bila dalali katikati.

Kaunti za mlimani zina vyuo vya ufundi vinavyofundisha ushonaji. Meza zipo, mikasi ipo, na vijana wenye vidole vyepesi wapo. Zikiongeza jiliwa chache na siku moja kwa wiki ya kwenda mtoni na afisa wa uvuvi, wahitimu watakwenda kwa mnunuzi wakijua wanachouza.