Safari za Mafunzo Ng'ambo: Mwanafunzi wa Mpanda Atazame Nini?

Imekuwa desturi kwa vyuo, na hata kwa baadhi ya shule, kuwapeleka vijana ng'ambo kwa majuma mawili au matatu ili wakajionee jinsi makampuni ya habari yanavyoendeshwa na jinsi kampuni changa za kompyuta na simu zinavyozaliwa. Safari hizo hugharimu fedha nyingi. Mzazi wa Mpanda anayeuza magunia ya mahindi au madebe ya asali ili mwanawe apate nauli na kibali cha kuingia nchi ya watu, anayo haki ya kuuliza: kijana huyu anakwenda kuona nini, naye atarudi na nini? Jibu linalotolewa mara kwa mara, kwamba safari humfungua mtu macho, halitoshi. Macho hufunguka upesi sana mbele ya vitu vinavyong'aa, na vitu vinavyong'aa havifundishi sana.

Mgeni anayetembelea kampuni ya habari katika mji mkubwa huonyeshwa studio, mitambo, kuta za vioo, na chumba ambamo vijana wameketi kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Katika kampuni changa huonyeshwa viti vya rangi na mashine ya kahawa. Hotuba hutolewa juu ya ujasiri na ubunifu, picha zikapigwa, kisha mgeni akarudi kwao akiamini kwamba Mpanda imekosa viti vya rangi. Wenyeji hawana kosa, wamemwonyesha walichonacho. Lakini jengo ni matokeo ya kazi ya miaka mingi, na anayetaka kujifunza kazi hana budi kuuliza juu ya mwanzo wake.

Uchukuliwe mfano wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, ambalo makao yake mjini London yalifunguliwa mwaka 1932 na tangu hapo yamepokea wageni wasiohesabika. Wachache kati ya wageni hao huambiwa kwamba BBC ilianza mwaka 1922 ikiwa kampuni ya wafanyabiashara, iliyoundwa na viwanda vilivyotengeneza redio, kampuni ya Marconi ikiwa mojawapo. Viwanda hivyo vilikuwa na shida iliyo wazi: nani atanunua redio ikiwa hakuna cha kusikiliza? Ndipo vikaamua kutangaza. Fedha zilitokana na redio zilizouzwa pamoja na leseni ya shilingi 10 ambayo kila msikilizaji alitakiwa kuilipia. Kampuni hiyo iligeuzwa kuwa shirika la umma mwaka 1927. Mwanafunzi anayeifahamu habari ya leseni ile ya shilingi 10 ameielewa BBC kuliko yule aliyepiga picha mlangoni.

Marekani nako hali ni hiyo hiyo. Wageni wa California hupelekwa Palo Alto kuona kibanda cha gari ambamo William Hewlett na David Packard walianza kazi yao mwaka 1939. Hadithi ya kibanda hicho hupendwa sana, kwa kuwa inampa kila kijana matumaini. Lakini hadithi hiyo huwa fupi mno. Miongoni mwa wateja wao wa mwanzo kabisa alikuwa Walt Disney, aliyenunua vyombo vinane vya kupimia sauti kwa ajili ya filamu. Kampuni ya Fairchild ilipoanzishwa katika bonde lile mwaka 1957, oda yake ya kwanza ilikuwa ya transista 100 zilizotakiwa na IBM kwa ajili ya ndege ya kivita. Basi nyuma ya kibanda palikuwa na mnunuzi mwenye fedha, na nyuma ya mnunuzi mara nyingi palikuwa na serikali na jeshi lake. Swali la kwanza la msafiri lingefaa kuwa hili: nani alilipa kwanza, na kwa nini?

Swali hilo laweza kuulizwa karibu zaidi na nyumbani, na pengine kwa faida kubwa zaidi. Nairobi haiko mbali kama California, na lugha ya sokoni yaeleweka. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, hali ghasia zilikuwa zikienea nchini. Mapema mwaka 2008 kikundi kidogo cha Wakenya na rafiki zao kiliunda programu iliyomwezesha mwananchi kutuma habari za tukio alilolishuhudia, na tukio hilo likaonyeshwa kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Kutokana na watu hao hao mlipatikana iHub, ukumbi wa mafundi wa kompyuta uliofunguliwa Nairobi mwaka 2010. Mgeni anayeutazama ukumbi bila kufahamu marufuku ya mwaka 2007 hataelewa ulikotoka.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi, hata hivyo, ni ule wa kutuma fedha kwa simu. M-Pesa haikuanza kama njia ya kutumiana fedha. Jaribio la mwaka 2005, lililofanyika Nairobi na Thika kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, lilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wa jaribio hawakufika hata 500. Waliokuwa wakiendesha jaribio hilo waliona jambo ambalo hawakulitarajia: wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliziweka ndani ya simu usiku mmoja wasije wakaporwa njiani. Wakopaji wale ndio waliowafundisha mafundi. Huduma ilipozinduliwa rasmi Kenya, Machi 2007, mkopo ulikuwa umeachwa kando, na kazi iliyotangazwa ilikuwa kupeleka fedha nyumbani.

Aprili 2008 huduma hiyo ilivushwa mpaka na kuletwa Tanzania. Jina lilikuwa lile lile, na waliohusika walijua lililotendeka Kenya. Pamoja na hayo, miezi 14 baada ya kuzinduliwa, Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7, na Tanzania, kwa muda ule ule, 280,000 tu. Yafaa walimu wawape wanafunzi tarakimu hizi mbili na kuwataka waeleze tofauti. Nchini Kenya kampuni moja, Safaricom, ilishika sehemu kubwa mno ya wateja wa simu, hata aliyetuma na aliyepokea mara nyingi walikuwa wateja wa kampuni hiyo. Nchini Tanzania wateja waligawanyika miongoni mwa makampuni kadhaa, wala Vodacom haikuwa na nusu yao. Nchi yenyewe ni kubwa na vijiji vimetawanyika. Wakala akiwa mbali, fedha zilizo ndani ya simu hazinunui chumvi.

Ilichukua miaka, lakini jibu lilipatikana, na halikunakiliwa kutoka Nairobi. Kuanzia mwaka 2014 makampuni ya simu ya Tanzania yalianza kukubaliana kwamba mteja wa kampuni moja aweze kumtumia fedha mteja wa kampuni nyingine moja kwa moja. Vodacom ilijiunga na mpango huo mwaka 2016. Katika jambo hilo Tanzania iliitangulia Kenya. Kule ambako kampuni moja ilitawala, haja ya mapatano haikuwa kubwa. Hapa, mgawanyiko ambao mwanzoni ulikuwa kikwazo ndio uliowasukuma washindani wakae meza moja. Mwanafunzi aliyekwenda Nairobi mwaka 2009 akarudi na shauri la kunakili tu, asingeweza kuyaona hayo. Aliyekwenda akiwa amehesabu kwanza laini za simu kijijini kwao, pengine angeyaona.

Mpanda yenyewe inao ushahidi wake, tena mkongwe kuliko kompyuta. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifika Mpanda mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili ya mkulima wala mrina asali. Ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Aliyelipa kwanza akaondoka, na reli ikabaki mikononi mwa watu ambao hawakuulizwa ilipokuwa ikipimwa. Treni iliendelea kuja kwa sababu walikuwapo wengine wa kulipa, polepole na kwa senti chache: wasafiri, wenye mahindi, wenye asali. Basi lipo swali la pili ambalo msafiri asilisahau katika kampuni yoyote changa inayojivunia mfadhili mkubwa: mfadhili akiondoka, nani ataendelea kulipa?

Upo pia mfano wa shauri la ugenini lililopokewa kwa busara. Mwaka 1941 wakulima wa Kanada walianza kukutana kwa vikundi kusikiliza kipindi cha redio, kukijadili, na kukata shauri la kutenda. Mwaka 1956 utaratibu huo ulijaribiwa katika vijiji vya India karibu na Poona, kisha Ghana katika miaka ya 1964 na 1965. Tanzania iliuchukua na kuugeuza. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Kanada haikuwa na elimu ya watu wazima ya namna ile, na hapakuwa na haja ya kuitafuta huko. Kilichochukuliwa kilikuwa kanuni moja tu, kwamba redio husikika vizuri zaidi kikundini. Mengine yote yalitengenezwa hapa.

Sasa arejewe mwanafunzi wa Mpanda. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo iliwakuta watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 1.1. Watu hao wamo katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 45,000, sehemu kubwa ikiwa misitu ya miombo. Huko Inyonga na kwingineko, asali hurinwa katika mizinga ya magogo na ya magome. Asali hunyonya maji kutoka hewani, na maji yakizidi asilimia 20 huweza kuchacha. Kipo chombo kidogo cha kupimia hayo, kinachofanya kazi kwa kuangalia jinsi mwanga unavyopinda ndani ya asali. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo mwanga unavyopinda kidogo. Somo hilo limo katika fizikia ya sekondari. Lakini mnunuzi aliye Dar es Salaam hajui mrina yupi ana asali iliyopimwa, na mrina hajui bei ya Dar es Salaam. Hilo ni tatizo la habari kabla halijawa tatizo la nyuki.

Kijana anayekwenda ng'ambo na akwende na tatizo hilo mfukoni. Kabla ya kuondoka, yeye na wenzake wa darasa wangeweza kuwaendea warina asali na kuandika: wangapi wana simu, huichaji wapi na kwa shilingi ngapi, mtandao hukatika mahali gani, asali huchukua siku ngapi kumfikia mnunuzi, na bei ilitangazwa na nani. Walimu wa hesabu, jiografia na fizikia wanaweza kulisimamia zoezi hilo kwa muhula mmoja bila kuomba fedha za mtu. Akifika Nairobi, asiishie kwenye kumbi za kompyuta. Aiendee kampuni ya Mediae, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa ikitengeneza Shamba Shape Up, kipindi cha televisheni cha kuwasaidia wakulima wadogo. Huko aulize maswali yake mawili. Atakuta kwamba kipindi kama hicho hutegemea wadhamini, nao wadhamini huwa na dawa au mbegu ya kuuza au mradi wa kutangaza, na ataanza kufikiri nani angedhamini kipindi cha asali, na kwa masharti gani.

Wapo watakaosema kwamba kumpa kijana kazi nzito hivi ni kumnyima furaha ya safari. Hoja hiyo haina nguvu. Mgeni mwenye swali hukaribishwa vizuri kuliko mgeni mwenye kamera, kwa sababu mafundi hupenda kuulizwa juu ya kazi yao, hasa juu ya yale yaliyowashinda. Na kama nauli ya ng'ambo haikupatikana, Tume ya Sayansi na Teknolojia ina kituo chake cha Buni mjini Dar es Salaam tangu mwaka 2011, na treni kutoka Mpanda hufika Tabora.

Linabaki suala la kurudi. Taarifa za safari hizi huandikwa kwa Kiingereza, hukabidhiwa ofisini, zikakaa humo. Ingefaa masharti yabadilishwe, hata fedha ya mwisho ya safari isilipwe mpaka taarifa isomwe kwa Kiswahili mbele ya wale waliohojiwa mwanzoni, na sehemu yake itangazwe na Mpanda Radio FM saa za jioni, warina wanapokuwa wamerudi kutoka porini. Wasikilizaji wapewe nafasi ya kupiga simu na kuuliza. Maswali ambayo msafiri atashindwa kuyajibu usiku huo yaandikwe, akabidhiwe nayo mwanafunzi atakayesafiri mwaka unaofuata.