Badilisha sindano kabla hujamaliza santuri za guka

Ingia duka la elektroniki pale Makutano mjini Meru, au lolote lile karibu na steji ya Embu, useme unatafuta katriji. Utaonyeshwa wino wa printa. Ukieleza kwamba unataka ile ya kuchezea santuri, muuzaji atacheka kidogo, halafu akushauri ununue spika ya Bluetooth. Ushauri huo una faida kwake. Kwa santuri za nyumbani kwenu, hauna.

Mmeanza kuwa wengi, nyinyi vijana mnaoenda ocha Disemba na kurudi mjini na pleya ya guka chini ya kiti cha matatu, katoni ya santuri mapajani. Unaipangusa vumbi, unaichomeka kwa stima, na kweli inazunguka. Unaweka santuri. Sauti inatoka kama mtu mwenye mafua, na kila 's' inachoma masikio kama mafuta ya moto. Hapo wengine huamua mashine imekufa na kuiuzia watu wa vyuma kuukuu. Wengine huendelea kucheza tu, eti hiyo ndiyo vibe ya zamani.

Vibe gani? Hiyo ni sindano iliyoisha, na inakula santuri ukiwa umekaa hapo ukifurahia.

Hoja yangu leo ni moja. Kabla ya spika, kabla ya amplifaya, kabla ya pleya mpya ya kupigia picha za Instagram, shilingi yako ya kwanza iende kwa sindano. Na hadi uipate, usicheze santuri hata moja.

Kinachotokea pale chini

Santuri ina mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Kuta za mfuo huo zimechongwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo muziki wenyewe. Sindano ina ncha ndogo, kwa kawaida ya almasi, inayopita mle ndani na kutikisika. Katriji ndicho kile kidude kilicho mwisho wa mkono wa pleya, kinachobeba sindano. Ndani yake mna sumaku na nyaya zilizosokotwa, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo unaoenda kwa amplifaya.

Ncha ya kawaida ya santuri za 45 na 33 ina nusu kipenyo cha takriban mikroni 18. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Sasa weka gramu mbili juu ya kitu kidogo hivyo, ukiburute kwenye plastiki kwa mamia ya saa. Almasi ni ngumu, lakini nayo huisha. Ikiisha hulika pembeni na kuwa bapa, kingo zake zinakuwa kali, na badala ya kuteleza juu ya mawimbi inaanza kuyachonga upya. Kilichochongwa hakirudi. Hakuna sabuni wala fundi wa kukirudisha.

Audio-Technica, kampuni ya Japani, inakadiria kwamba sindano yake yenye ncha ya mviringo hudumu takriban saa 500, na ile ya duaradufu takriban saa 300. Ukicheza saa moja kila siku, saa 300 zinaisha kabla ya mwaka. Sasa jiulize: ya guka iliwekwa lini? Kama hakuna anayekumbuka, jibu unalo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikapanda kwa kishindo, na kufikia 1976 na 1977 wakulima wa kahawa Kenya walikuwa wanashika pesa ambazo hawakuwa wamewahi kuziona. Miteremko ya Embu na Meru ni ya kahawa. Waulize wazee wa Runyenjes, Manyatta au Nkubu pesa hizo zilifanya nini. Utasikia mabati, karo, baiskeli, na kwa waliopenda raha kidogo, kinanda cha santuri, kingine cha betri kwa sababu stima ilikuwa haijafika kijijini.

Zama hizo River Road na mitaa jirani jijini Nairobi ilijaa lebo ndogo ndogo zilizotoa santuri za 45 katika lugha nyingi za Kenya. Majina makubwa kama Daudi Kabaka, Fadhili William na Les Wanyika utayapata leo kwenye simu bila shida. Lakini katoni uliyotoka nayo ocha haina hao peke yao. Humo mna bendi iliyorekodi santuri mbili ikavunjika, na mwimbaji ambaye jina lake halileti chochote ukilitafuta mtandaoni. Lebo iliyowatoa ilifungwa. Inawezekana kabisa nakala uliyoshika ni mojawapo ya chache zilizobaki, na wewe unaipitishia patasi.

Kwa hivyo ukiniambia 'si kuna YouTube?', nitakuuliza nani ataupakia huo muziki kama si wewe. Chukua mfano wa Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu wake, ambaye wanaitwa jina moja na anajulikana kisanii kama KMRU, ndiye amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake kidijitali ili zisipotee. Si lazima babu yako awe Kamaru. Kama alinunua santuri, alikuachia kazi. Na huwezi kurekodi vizuri kwa sindano mbovu. Utahifadhi mikwaruzo tu.

Chagua kwa akili, si kwa bei

Kwanza, jua una mashine gani. Kama ni lile kabati la zamani lenye redio na pleya pamoja, huenda limefungwa mtambo wa BSR au Garrard kutoka Uingereza wenye katriji ya seramiki. Nyingi za aina hiyo zina sindano ya pande mbili unayoigeuza kwa kidole: upande mmoja wa santuri nzito za 78, mwingine wa 45 na 33. Hapo usijaribu kufunga katriji ya kisasa ya sumaku. Mkono wake haukutengenezewa kazi hiyo, na amplifaya yake haiwezi kuisikia. Tafuta sindano ya namba ileile. Bado zinatengenezwa.

Kama ni pleya ya kuanzia miaka ya sabini na themanini, inayojitegemea na kuunganishwa kwa amplifaya, una bahati. Soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa katriji. Kama sehemu ya sindano inachomoka polepole ukiivuta mbele kwa vidole, pengine huhitaji katriji nzima. Nunua sindano peke yake. Shure ya Marekani iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini kampuni kama JICO ya Japani bado inatengeneza sindano za kuingia kwenye miili ya Shure. Jihadhari tu na sindano isiyo na jina inayouzwa bei ya sahani ya chipsi. Ncha ikiwa imebandikwa kombo, umenunua patasi mpya.

Kama katriji yenyewe imekufa au haipo, tazama jinsi inavyoshikwa. Skrubu mbili zilizoachana nusu inchi ni za kawaida, na uwanja wako ni mpana. Ukiona inachomekwa kwa pini nne na kushikwa na skrubu moja ya ubavuni, hiyo ni familia nyingine, na kwa kawaida hutaka uzito wa gramu 1.25. Usinunue chochote kabla hujaangalia hapo.

Kwa wale wa nusu inchi, ushauri wangu ni huu: anza na Audio-Technica ya familia ya VM95. Ile yenye herufi C ina ncha ya mviringo, yenye E ina duaradufu, na zote mbili hufanya kazi kwa gramu 2. Uzuri wake ni kwamba mwili ni mmoja. Ukitaka kupanda daraja baadaye, unabadilisha sindano tu. Ukipata santuri za 78 za babu mkubwa, kuna SP, sindano yenye ncha nene kwa ajili ya hizo pekee. Usithubutu kuiweka kwenye 45. Ortofon 2M Red, kutoka Denmark, nayo ni nzuri sana. Hutaka gramu 1.8, na huko nje huuzwa takriban dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. VM95E iko chini ya hapo.

Wajuaji watakwambia ncha ya duaradufu inasoma vizuri zaidi. Ni kweli, kwa santuri safi. Lakini kama katoni yako ni za 45 zilizochezwa kila harusi na kila Krismasi, ncha ya mviringo huvumilia zaidi na gharama yake ni ndogo. Mimi ningeanza na C bila aibu. Na santuri inayokwaruza leo usiitupe. Wakati mwingine sindano mpya hukaa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia, na unashangaa sauti imefufuka.

Halafu kuna zile katriji za bei ya ng'ombe, ambazo koili ndiyo inayotembea badala ya sumaku. Sauti yake husifiwa sana. Lakini nyingi hutoa umeme wa nusu milivolti au chini ya hapo, wakati zile nilizotaja hutoa milivolti nne au tano. Zinadai kikuza sauti chake maalum, na sindano ikiisha huwezi kuichomoa nyumbani. Waachie waliomaliza kujenga.

Fundi ni wewe

Katriji nzuri iliyofungwa vibaya ni hasara. Waya ni nne na rangi zake hazibadiliki: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Nunua kimizani kidogo cha dijitali, kile cha kupimia sehemu za gramu, na upime uzito wa sindano badala ya kukisia. Usidhani uzito mdogo ndio salama. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka, na kila inapotua inaumiza kuta. Kisha pakua karatasi ya kupangia katriji na uichapishe pale saiba. Mwambie mhudumu aichapishe kwa ukubwa wake kamili, asiipunguze ienee kwenye karatasi, la sivyo vipimo vyote vitakuwa uongo.

Kitu kingine ni tundu la amplifaya. Katriji ya sumaku inataka lililoandikwa PHONO. Ukichomeka kwenye AUX utasikia sauti ya mbali isiyo na besi, na utaanza kumlaumu aliyekuuzia. Kama amplifaya yako haina PHONO, pangia bajeti priampu ndogo ya fono tangu mwanzo.

Kuhusu pahali pa kununua: kati ya Embu na Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, usitegemee kukuta kitu hiki dukani. Nairobi, Kenyatta Market, duka namba 570 la James Rugami linajulikana hata nje ya nchi kwa santuri za zamani, na ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Parseli ya katriji ni ndogo kuliko pakiti ya maziwa. Itatoka steji ya Tea Room asubuhi, na jioni uko nayo mkononi.

Na ile pleya ya sanduku?

Najua inapendeza. Najua pia kwamba inauzwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuchanga. Lakini nyingi za bei ya chini hukandamiza santuri kwa takriban gramu tano au zaidi, na mkono wake hauna pa kurekebisha. Kwa santuri mpya unayoweza kununua tena, fanya utakavyo, pesa ni zako. Kwa ile ya 45 ambayo cucu alicheza siku ya harusi yake, tafadhali usifanye hivyo. Pleya ya guka yenye sindano mpya itaishinda hiyo ya sanduku kwa sauti na kwa huruma.

Utasema huna pesa sasa hivi. Sawa. Santuri zimengoja karibu miaka hamsini, zinaweza kungoja miezi mitatu ukiweka akiba. Zisimamishe wima, mbali na jua na vumbi la murram, na uzinunulie brashi laini. Wakati unangoja, kaa na wazee wa nyumbani wakusomee majina yaliyo kwenye lebo: nani aliimba, nani alipiga gitaa, walitoka kijiji gani. Andika. Sindano unaweza kuiagiza wiki yoyote. Mzee anayemkumbuka mpiga gitaa huyo haagizwi popote.