Sauti Haikumwisha Bi Kidude

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa Mama Ngina, hapa Mombasa, nimekaa chini ya mbuyu, meli zikiingia Kilindini mbele yangu, muhogo wa kukaanga mapajani na pilipili ya ndimu vidoleni. Masikioni nilikuwa na Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa Unguja, albamu nzima, ile ya nne katika mfululizo wa Zanzibara, iliyotoka 2007. Miaka yote hii nimemjua kwa jina, kwa picha na kwa sigara yake, na sikuwahi kukaa nikamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu aliomba hedifoni moja, akasikiliza kama dakika hivi, akanirudishia.

"Huyu sauti ishamwisha," akasema.

Maneno hayo nayapinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu si yake peke yake. Nimeyasikia barazani, kwenye matatu na kwenye harusi. Mombasa mwimbaji ni mwenye sauti nyororo, inayopanda bila kukwama. Mwenye sauti nzito ya kukwaruza huhesabiwa mgonjwa, au mzee, au tumbaku imemharibu. Na Bi Kidude, watakwambia, alipendwa na wazungu tu, kwa ukongwe wake.

Sikio hili najua lilikotoka. Mji huu umelelewa na filamu za Kihindi, na Lata Mangeshkar ameimba ndani ya nyumba zetu kama jamaa. Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, alichukua mahadhi ya filamu hizo akayavisha mashairi ya Kiswahili, tukampenda, na alistahili. Kwetu kaseti zake zilichezwa hadi utepe ukalegea. Lakini mtu aliyelelewa kwa halua pekee ataiona kahawa chungu kuwa imeharibika, wakati ndivyo inavyonywewa.

Fatuma binti Baraka, ndilo jina lake, hakulelewa na maikrofoni. Alikuwa somo wa unyago, akiwafunda wari, na alipiga msondo kwa mikono yake mwenyewe, ngoma ameifunga kiunoni, huku akiimba. Hebu fikiria kazi hiyo. Ngoma inanguruma chini ya kifua chako, wanawake wanakuitikia, hapana spika, na mwari aliyekaa pale lazima alipate kila neno, maana lile ni fundisho. Sauti nyororo humezwa mara moja. Inayopenya ni yenye makali, inayokwaruza kidogo ili isikike juu ya ngozi ya ngoma. Koo la Bi Kidude ni koo la kazi, kama kiganja cha fundi wa majahazi. Nani amewahi kumwambia fundi wa jahazi kwamba viganja vyake vimeisha?

Kilichonifanya nisimamishe muhogo njiani ni Kijiti. Wimbo huo ni wa Siti binti Saad, yule wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na Bi Kidude aliurithi. Kisa chake, kama kinavyosimuliwa, ni cha mgeni wa kike aliyetoka bara, akachukuliwa kwenda kustarehe usiku, akaharibiwa na kuuawa. Muuaji akavuka bahari akapona, na adhabu ikawaangukia wenyeji wa marehemu. Sasa niambie: kisa kama hicho kiimbwe kwa sauti ya asali? Kikipambwa, yule mwanamke anauawa mara ya pili. Bi Kidude hakipambi. Neno linatoka limechubuka, na mimi niliyekaa Mama Ngina karibu karne moja baadaye nilihisi kwamba kesi ile haijafungwa. Sijapata kusikia wimbo wa Kiswahili unaoshitaki vile.

Wapo wanaoleta hoja nyingine: kwamba nyimbo zenyewe nyingi ni za Siti, hivyo Bi Kidude hakuwa mtunzi. Hoja hii imeazimwa mahali ambapo wimbo ni mali iliyoandikwa ikapigwa muhuri. Pwani yetu haikufanya hivyo. Kwetu malenga hutoa shairi, mwingine hutoa mahadhi, na mwimbaji huja akaongeza beti, akapunguza, akatupa kijembe kwa aliyekaa mbele yake. Kutunga kwake kunatokea mdomoni, siku ile. Ukitaka kumpima, msikilize anavyoushika wimbo wa Siti na kuupa uzito mwingine kabisa.

Na hao wazungu? Tuzo ya WOMEX, ya maonyesho ya muziki ya huko Ulaya, alipewa mwaka 2005, mwanamke aliyeanza kuimba akiwa mtoto, karne iliyopita ikiwa bado changa. Wari wangapi wa Unguja walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwake kabla ya mgeni yeyote kumshangilia jukwaani? Wenyewe walimwita, wakamlipa, wakamwita tena. Alipofariki Aprili 2013 Unguja ilimzika kwa kishindo. Sisi Mombasa ndio tulioamua kwamba alikuwa kioja cha watalii, wala hatukumsikiliza kwanza.

Hili linaniuma kwa sababu limeingia nyumbani kwangu. Shangazi yangu aliimba vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, tangu ujana wake. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, na beti zake ni za kisu. Kwenye harusi ya mwisho niliyohudhuria Mji wa Kale alishika maikrofoni akaimba ubeti mmoja na nusu, kisha mpiga kinanda akampunguzia sauti, na msichana mmoja akaja na tabasamu akamwomba akapumzike. Hakuna aliyeinuka kumtetea. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Tangu siku hiyo hajaimba mbele za watu, na beti zake hazijaandikwa popote.

Jana nilimpelekea ile albamu nyumbani kwake Kibokoni. Alisikiliza amefumba macho, kiganja kikipiga mkekani, akaniuliza huyu ni nani. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hebu irudishe pale alipoingia."

Nikairudisha. Mara ya pili akaingia naye.