Viwavi Wawili, Jina Moja

Wapo wasomi wasemao kwamba kupanga nondo katika jenasi ni mchezo wa watu wa makumbusho, wachomao wadudu pini na kugombania Kilatini. Mkulima wa Iramba au Manyoni, husema hao, ana haja ya dawa; jina halimshibishi. Neno hili lasikika kama la kumhurumia mkulima. Kwa hakika lamdhuru.

Na itazamwe jenasi iitwayo Spodoptera, yaani bawa la majivu kwa Kiyunani. Guenée aliiunda mwaka 1852, na mwaka huo huo akaunda nyingine, Laphygma. Kwa muda mrefu kiwavijeshi wa Afrika Mashariki aliandikwa Laphygma exempta, hata katikati ya karne ya ishirini jenasi hizo zilipofanywa moja. Brown na Dewhurst waliwachambua upya nondo hao wa Afrika mwaka 1975. Pogue akafanya hivyo kwa dunia nzima mwaka 2002. Asiyezijua habari hizi akifungua taarifa za kale atadhani zahusu mdudu mwingine.

Tena macho matupu hudanganya. Viwavi wa exempta wakiwa wachache huwa kijani. Wakisongamana huwa weusi. Mtu angeapa kuwa ni aina mbili, na Faure alikwisha kuonyesha mwaka 1943 kwamba ni mmoja.

Kosa la siku hizi ni kinyume chake: wawili wamefanywa mmoja. Spodoptera frugiperda, mzaliwa wa Amerika, alionekana Afrika mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017. Waliompa jina walifuata Kiingereza, wakamwita kiwavijeshi vamizi. Jeshi gani? Exempta ndiye mwenye jeshi: nondo wake huja na upepo wa mvua, kisha viwavi hutambaa kwa makundi mchana kweupe, wakila mtama, uwele na nyasi za malisho. Frugiperda hujificha ndani ya moyo wa mhindi au wa mtama, aghalabu mmoja kwa mmea, maana hulana wenyewe kwa wenyewe. Na dawa inyunyizwayo juu ya majani haimfikii kwa urahisi. Mkulima aliyefundishwa na jina kungojea jeshi atangojea hadi moyo wa mmea umekwisha kuliwa.

Atatokea wa kujibu kwamba wataalamu wenyewe wamewaweka wote wawili katika jenasi moja, basi jina moja latosha. La hasha! Simba na chui nao wamo katika jenasi moja, na hakuna mchungaji wa Singida awachanganyaye. Undugu si umoja, na hao waliorekebisha jenasi walitumia miaka mingi wakitenga aina na aina, hata kwa viungo vya uzazi visivyoonekana bila darubini.

Frugiperda hahitaji darubini. Kichwani ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Kutokana na alama hizo, au na maskani yake ndani ya mmea, jina la Kiswahili lingeweza kupatikana. Wanyaturu na Wanyiramba wanaokipasua kikonyo cha mtama kila msimu na kumkuta humo ndio wa kuulizwa kwanza.